Kipa Tunaye

Eldoret,
12 Februari 1984

Shemeji Nderitu,

Dada yako Nduta amesimama nyuma ya kiti changu akihakikisha nimeandika kwamba anakusalimu sana, si kwamba anakusalimu tu. Basi anakusalimu sana. Sisi wote ni wazima. Binti yetu Chepkorir ameingia darasa la nne na amejifunza kusoma maandishi yako, kwa hivyo angalia unachoandika. Mama yuko Moiben. Magoti yanamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini jua likishapanda humkuti ndani. Mvua bado, na watu wameanza kutazama juu kuliko kawaida. Kule Kesses wanasema serikali itajenga chuo kikuu, na kwa maneno hayo tu ploti zimepanda bei.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuandikia mwaka jana kwamba nimeacha ualimu na kuajiriwa hapa kiwanda cha magunia kuangalia mambo ya michezo. Timu yetu ilikuwa ya vijana wa mashine na watu wa stoo, tukicheza Jumamosi tu. Mwaka huu meneja ameshika moto. Anataka timu ya kulipwa hasa: wachezaji waandikwe kazi kiwandani, lakini kazi yao iwe mpira, asubuhi na jioni. Anataka tupande ligi kuu kabla ya mwaka kuisha. Amenipa ruhusa ya kuleta watu wanne kutoka nje, na mimi ndiye kocha.

Hapo ndipo kelele ilipoanza. Kila mwanakomiti ana timu yake kichwani. Meneja anataka namba tisa wa kufunga mabao. Mkubwa mmoja wa mjini, wewe unamjua na mimi namjua na jina lake halihitaji kusafiri kwa posta, anataka mawinga wenye mbio ili wananchi wafurahi, na pia ana mawazo yake kuhusu golini. Mimi nilicheza namba tano maisha yangu yote, kwa hivyo naona mabeki kila mahali.

Wewe uko Kitwe, mahali ambapo timu za migodi zimelipa watu kucheza tangu sisi tukiwa watoto, na jioni unasaidia kufundisha. Ukipewa nafasi nne ungeanza wapi? Niandikie kwa urefu. Andika barua ya kusomewa watu.

Nduta anauliza utakuja nyumbani lini. Amesema swali hili niliweke mwisho ndio usilisahau.

Shemeji yako,
Simeon Kipyego


Kitwe,
25 Machi 1984

Kapteni,

Nakuita hivyo bado, uzee usikudanganye. Barua yako imenipata nikitoka zamu. Nimefurahi kwamba Mama bado hakai ndani. Mpe salamu zangu, na Nduta, na Chepkorir msomaji wa barua za watu, na mama Rael jirani kama bado anauza maziwa. Mimi ni mzima. Bei ya shaba imeanguka na watu wa mgodini wanaongea kwa sauti ya chini, lakini karakana yetu bado ina kazi.

Nilipoona umeandika neno Jumamosi nilikaa na karatasi mkononi muda mrefu. Nikakumbuka uwanja wetu kando ya reli, ukungu wa asubuhi mpaka huoni goli la pili, na ule mpira wa ngozi ambao ukilowa unakuwa kama jiwe. Unakumbuka Mama na Nduta wakifua jezi pale mto Sosiani na kuzianika kwenye ua? Watu wakienda kanisani Jumapili walikuwa wanazitazama zile jezi kumi na moja na kujua kama tumeshinda, kwa vile tukishindwa Nduta alikataa kufua. Je, uwanja bado uko?

Kuhusu timu, anza na kipa.

Najua komiti itacheka. Watu hulipa kiingilio kumwona namba tisa, hakuna anayelipa kumwona kipa. Lakini timu isiyo na kipa hucheza na hofu kuanzia dakika ya kwanza. Mabeki wanarudi nyuma kumfunika. Viungo wanarudi kuwafunika mabeki. Namba tisa anabaki mbele peke yake kama mtu aliyeachwa na basi, na watu wanamtukana kwa kosa lisilo lake. Sisi wenyewe tuliona Kisumu.

Wala usichukue kijana. Kipa huchelewa kuiva. Kijana huruka ili aonekane, mtu mzima husimama pale ambapo hahitaji kuruka. Tafuta mwenye miaka thelathini na kitu, mwenye kuongea mchezo mzima, anayemwambia beki kabla beki hajaona. Awe mtu ambaye akifungwa anaokota mpira na kuurudisha katikati bila kumtazama yeyote kwa lawama. Mtu wa namna hiyo ukiwa naye, usimwache kwa ajili ya mtu mrefu.

Baada ya kipa, tafuta namba tano. Nasema hivi si kwa kukupendeza. Halafu kiungo mmoja mwenye kuona, namba sita au namba nane, anayejua atapeleka wapi mpira kabla haujamfika. Halafu beki wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto kweli, maana hao ni wachache na kila timu hudanganya pale. Namba tisa mwache mwisho. Mabeki na kiungo wakiwa sawa, hata namba tisa wa kawaida atafunga.

Kuhusu kuja, kazi ni nyingi.

Nderitu


Eldoret,
6 Mei 1984

Shemeji,

Tunakusalimu kutoka mahali pakavu. Tulipanda, mvua ikaja wiki moja ikatucheka, mahindi yameota yakasimama. Kule Moiben ni hivyo hivyo. Mama anasema ameona miaka mibaya zaidi, lakini nimeona ameuza ndama. Nduta amefungua kibanda cha kushona karibu na stendi na anapata wateja. Chepkorir amekuwa namba mbili darasani na anasema namba moja alikopia.

Barua yako niliisoma mbele ya komiti, yote, isipokuwa sehemu ya kufua jezi. Lazima nikueleze ilivyokuwa. Yule mkubwa alikuwa amemleta mwana wa dada yake awe kipa wetu, kijana mrefu, mikono kama makasia, na jambo hilo lilikuwa kama limeshaamuliwa. Mimi ningesema nini? Nina mke na mtoto na nyumba ya kampuni. Kwa hivyo sikusema. Nilisimama nikasema shemeji yangu wa Zambia, anayefundisha timu za kulipwa, ameandika, nikasoma. Nilipofika pale pa kijana kuruka ili aonekane, watu walicheka, lakini walicheka upande wako. Meneja aliniomba nirudie kipande kile cha "usimwache kwa ajili ya mtu mrefu".

Halafu akasema, "Basi kipa tunaye. Tutafute hao wengine."

Mkubwa aliinuka akasema ana mkutano. Siku kadhaa nilitembea nikisikiliza nyuma yangu, lakini meneja naye ana watu wake Nairobi, na jambo limepoa.

Kwa hivyo nimefuata barua yako. Nimepata namba tano kutoka Bungoma, anaitwa Eliakim, ni mwanakwaya na sauti yake inafika goli la pili. Nimepata kiungo na beki wa kushoto. Namba tisa nimemtoa Nairobi ili meneja alale. Tumeshinda mechi tatu za kwanza za ligi ya mkoa na kutoka sare moja, na hatujafungwa hata bao.

Ya uwanja nitakuandikia siku nyingine.

Kipyego


Kitwe,
17 Juni 1984

Kapteni,

Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu mpaka mpangaji mwenzangu akaja kuangalia kama ni malaria. Msalimu Nduta, mwambie aniwekee koti, baridi ya huku mwezi huu imenikumbusha kwetu. Mama nimemtumia shuka kwa mkono wa mtu anayepitia Dar es Salaam. Mwambie asiuze ng'ombe mwingine kabla hajaniandikia.

Sasa Kapteni, umenieleza mwanakwaya wa Bungoma, umenieleza sauti yake. Umenieleza mpaka mikono ya kijana aliyekataliwa. Mtu ambaye hajafungwa hata bao hukumtaja jina. Ni nani? Ni yule wa posta aliyekuwa akidakia timu ya polisi? Huyo atakuwa mzee sana sasa.

Jambo moja la kiufundi. Kama namba tano anaongea sana, chunga asigombane na kipa. Wawili wakiongea pamoja mabeki hawasikii mtu. Kipa ndiye aongee kwanza, kwa sababu anaona uwanja wote. Sisi tulikuwa tumezoea hivyo mpaka hatukujua kwamba ni jambo la kufundishwa. Wewe ulikuwa ukisikia tu jina lako, unaruka. Mimi nilikuwa nikisikia "kulia", napeleka kulia bila kuangalia. Huku nimefundisha vijana miaka na sijapata watatu wanaoaminiana namna ile.

Na uwanja? Hii ni mara ya pili nakuuliza.

Nderitu


Eldoret,
29 Julai 1984

Shemeji Nderitu,

Mama amepata shuka na anasema ni nzuri mno kulalia, ameiweka sandukuni. Nduta na Chepkorir wanakusalimu. Timu inaongoza ligi.

Barua hii nimeichelewesha kwa sababu ina majibu mawili na yote ni mazito kwangu.

La kwanza ni uwanja. Umezungushwa waya. Kuna ghala la mahindi pale lilipokuwa goli la upande wa reli. Ni la nani, hayo hayaandikwi. Timu inacheza uwanja wa shule siku hizi.

La pili ni kipa. Kipa wetu ni kaka yako Gathogo.

Nakuomba usikunje karatasi. Tangu uende Zambia umeandika barua nyingi, na kila barua imesalimia watu wote wa nyumba hii mpaka muuza maziwa, na jina lake halimo. Na mimi nimekubali kuwa hivyo miaka kumi, kwa sababu nilikuwepo na sikujua ningesema nini. Nilikuwa nawe Kisumu kwenye fainali. Baba yenu alikuwa amelala kitandani wiki mbili, Gathogo akasema yeye haondoki, wewe ukasema Baba mwenyewe ndiye amekuambia nenda. Wote wawili mlikuwa mnasema kweli. Tulicheza na kipa wa kuazima, tukafungwa manne. Baba akafariki Jumamosi hiyo hiyo jioni, wakamzika Jumapili kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kumweka. Sisi tuliingia Moiben Jumatatu. Ulikuwa bado umebeba mfuko wa viatu. Na Gathogo akakuambia mbele ya watu wote, pale kaburini:

"Umekuja kufanya nini? Mechi imeisha."

Mwezi haukuisha, ukaenda.

Sasa nikuambie ya mwaka huu. Gathogo anafanya kazi stoo hapa kiwandani na anarudi Moiben kwa Mama kila Jumamosi baada ya mechi. Ana miaka thelathini na minane. Vijana wanamwita Mzee, na yule mkubwa alitaka atolewe. Nilipokuandikia nilijua utasema kipa. Sikujua utamwandika yeye hivyo hivyo alivyo. Siku ile ya komiti alikuwepo, kama mwakilishi wa wachezaji, ameketi mwisho wa benchi. Nilisoma akitazama viganja vyake. Mkutano ulipoisha aliningoja mlangoni akaniuliza kama ni wewe mwenyewe uliyeandika, au ni mimi nimeongeza. Nikamwambia hakuna neno langu hata moja. Nikamwambia pia ukweli, kwamba hujui kipa ni nani. Akaitikia kwa kichwa, akaenda uwanjani kufanya mazoezi peke yake.

Kama nimekosa kwa kukuficha jambo hili, nitaomba msamaha ukiniandikia.

Kipyego


Eldoret,
7 Oktoba 1984

Shemeji,

Sijapata jibu lako. Nduta anasema ni posta, na mimi namwambia ndiyo, ni posta. Ameacha kuuliza utakuja lini, na ninyi kaka zake wawili mnajua akiacha kuuliza maana yake ni nini.

Sisi ni wazima. Tunakula mahindi ya njano sasa, yale ya msaada yaliyokuja kwa meli. Watu wanapanga foleni na kulalamika ugali una rangi ya keki na ladha ya gunia. Mama alikataa kuonja mpaka Chepkorir akamwonyesha mfano. Huko Moiben shamba limeokoa kidogo upande wa bonde.

Nakuandikia bila kungoja kwa sababu wiki jana tulicheza mchujo Nakuru, na ni haki yako kujua.

Tulihitaji kushinda. Wao walikuwa wa Nyanza, wepesi, wanapiga pasi kama wanacheza na watoto. Kipindi cha kwanza Gathogo aliokoa mara tatu kwa kusimama tu, kama ulivyoandika, nikasikia mtu nyuma yangu akisema wale wanampigia kipa mpira makusudi. Kipindi cha pili kiungo wetu alipenyeza mpira, na namba tisa wa meneja akafunga. Tukiwa moja bila, Gathogo akaingia miguuni mwa winga wao, wakaanguka, na alipoinuka mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Nilikuwa nimeshabadilisha wachezaji wawili, na wa tatu haruhusiwi. Nilikimbia pale. Alikuwa ameshakuwa na rangi ya majivu. Nikasema nimweke beki golini. Akasema, "Kipyego, toka uwanjani."

Basi tukamaliza mechi na kipa wa mkono mmoja. Sasa nisikilize wewe mtaalamu. Hakuna shuti lililomfika tena. Eliakim alisimama mbele yake kama ukuta wa kanisa, akapiga kichwa kila kitu kilichopita. Yule beki wa kushoto alianguka na kuinuka sijui mara ngapi. Walikuwa wanamsikiliza yeye tu, anawapanga kwa sauti, akishika mkono wake. Kwa hivyo ukisema kipa ndiye wa kwanza, mimi nasema namba tano, na nina ushahidi. Lakini pia najua walimsimamia hivyo kwa sababu alikuwa yeye. Tumepanda ligi kuu.

Bega lilirudishwa hospitali ya misheni kule Plateau, na daktari amesema asidake tena. Nilikaa naye. Tulizungumza ya mechi, halafu akasema nikuandikie maneno yake.

Alisema, "Mwambie Nderitu kule Kisumu hata mimi ningefungwa. Mabeki walikuwa wamelala." Na alikuwa ananitazama mimi.

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Akasema tena: "Jumamosi ile jioni Baba aliniuliza kama mmeshinda. Nilikuwa sijui. Nikamwambia mmeshinda mawili, na Nderitu amefunga moja. Akafurahi. Halafu akalala. Nderitu alipofika na habari ya kufungwa manne, nilikasirika kama mtu aliyefanywa mwongo."

Ndivyo alivyosema, sijaongeza.

Kipyego


Kitwe,
18 Novemba 1984

Kapteni,

Wasalimu wote, na safari hii msalimu Gathogo. Muulize bega.

Barua yako ya Julai ilinipata Agosti, haikuwa posta. Nilianza kuijibu nikachana, nikaanza tena. Nilikuwa nimekukasirikia kwa kunifanya nimtetee mtu bila kunijulisha. Halafu siku moja nilikuwa naonyesha vijana jinsi kipa anavyosimama mpira wa kona ukija. Nikajiona nimesimama kama yeye, bega moja mbele, mkono nyuma kiunoni. Sijawahi kufundisha kipa mwingine, Kipyego. Miaka yote hii nimefundisha yeye tu. Nilipokuandikia tafuta mtu wa namna gani, nilikuwa sitafuti, nilikuwa namkumbuka.

Ya Baba nimeyasoma nikiwa karakana na nikaomba ruhusa ya kutoka nje. Kumbe nilifunga.

Mgodi unapunguza watu. Mimi sikuwa katika waliotajwa, lakini nimemwomba mkubwa wangu aniweke badala ya mtu mwenye watoto wadogo, na amekubali haraka kuliko nilivyotegemea. Mwezi wa kumi na mbili nitapanda treni mpaka Dar es Salaam, halafu nitaona mabasi. Usimwambie mtu zaidi ya Nduta. Sitaki watu wapange kunipokea.

Nderitu


Moiben,
13 Januari 1985

Kapteni,

Nduta amenipa anwani ya kambi yenu huko Nairobi. Ni ajabu kukuandikia kutoka nyumbani kwenda ugenini. Hatujambo. Mama anakusalimu, anasema ukivaa koti la timu kwenye picha ya gazeti simama wima. Mvua za mwisho wa mwaka zimetuachia majani, na ng'ombe wamerudisha mbavu zao ndani.

Nilifika Moiben siku mbili kabla ya Krismasi, mchana. Nilikuwa nimepanga maneno tangu mpakani. Gathogo alikuwa chini kule bondeni akirudisha nguzo za ua, anachimbia kwa mkono mmoja, mwingine ameufunga kwa leso ya Mama. Aliniona tangu barabarani, kwa sababu aliacha kuchimba, lakini hakuja. Nilipomfikia nilisema jina lake. Yeye akasema nguzo ile imelala kushoto, niishike. Nikaishika. Akashindilia udongo kwa mguu, akazunguka, akaangalia kama imesimama, tukaenda ya pili. Tulifika mwisho wa ua bila mmoja wetu kusema yale maneno. Sidhani sasa tutayasema.

Mama alikuwa mlangoni muda wote huo. Alituita kula kwa majina yetu mawili pamoja, kama zamani akituita kutoka mpirani, halafu akaingia ndani na hakutoka mpaka tulipoingia sisi.

Tulikwenda wote kaburini siku ya Krismasi. Hapo nilikaa sana.

Jioni tunazungumza timu yako. Mama alitusikia akasema sisi ni wale wale. Gathogo anakataa hoja yangu ya kipa kwanza. Anasema kipa ni mtu wa mwisho kusifiwa na wa kwanza kulaumiwa, na kwamba timu huanzia kwa kiungo, eti kwa sababu mimi nikicheza kiungo, yeye golini hakuwa na kazi ila kupumzika. Nilimwambia hilo angelisema wakati wa komiti. Akasema wakati wa komiti alikuwa anataka kazi. Pia anasema umchukue yule kijana mrefu, mwana wa dada wa mkubwa. Anasema mikono anayo, bado mdomo. Kama meneja atakubali, yeye atamfundisha kusimama na kuongea, na mimi nichukue viungo. Fikiria, utujibu.

Leo asubuhi tukikamua aliniuliza kama nitakaa. Nikamwambia nimekuja na masanduku yote. Akaendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa, akainuka.

"Basi hamisha kitanda," akasema. "Chumba kile unacholala kinavuja. Njoo upande wangu."

Nderitu